Mitihani ya Jimbo na Sheria ya Uwajibikaji wa Shule Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wazazi na walezi wanaozungumza Kiswahili ambao watoto wao wanasoma shule za umma Marekani, pamoja na wakalimani na walimu wanaokaa nao mezani. Wengi wetu tumekulia kwenye mitihani ya NECTA, KCPE au Exetat ya Kongo, ambako karatasi ilimpima mtoto na kuamua atakwenda wapi. Mtihani wa jimbo Marekani una kazi tofauti. Kwanza kabisa unaipima shule. Mzazi asiyelijua hilo huogopa pasipo na sababu, na pale penye sababu ya kuuliza hunyamaza.

Sheria yenyewe ni ipi?

Ni sheria moja iliyovaa majina kadhaa. Mama yake ni sheria ya elimu ya msingi na sekondari ambayo Rais Lyndon B. Johnson aliitia sahihi huko Texas tarehe 11 Aprili 1965, wakati wa vita vyake dhidi ya umaskini. Ilianza kama sheria ya fedha: serikali ya shirikisho ipeleke pesa kwenye shule zenye watoto wengi wa familia maskini. Fungu hilo mpaka leo linaitwa Title I. Utaliona jina hilo kwenye barua za shule, hivyo lizoee.

Mwaka 1994 Bunge lilidai kila jimbo liwe na viwango vya masomo na mitihani ya kuvipima. Tarehe 8 Januari 2002 Rais George W. Bush alisaini toleo lililoitwa No Child Left Behind, kwa kifupi NCLB, na hapo ndipo sheria ilipoota meno. Tarehe 10 Desemba 2015 Rais Barack Obama alisaini Every Student Succeeds Act, yaani ESSA, ambayo ndiyo inayotumika sasa. Muda wake wa idhini uliandikwa mpaka mwaka wa fedha 2020, ila Bunge limeendelea kuitengea pesa kila mwaka na masharti yake bado yana nguvu.

Elimu si kazi ya majimbo? Washington inaingilia wapi?

Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja, kwa hiyo ni kazi ya majimbo. Serikali ya shirikisho huingia kwa mlango wa pesa: jimbo likipokea Title I, limekubali masharti yake. Title I ni takriban dola bilioni 18 kwa mwaka. Ukichukua matumizi yote ya shule za umma nchini, mchango wa shirikisho kwa kawaida ni kama asilimia 10 tu, lakini pesa hizo huangukia shule zenye uhitaji mkubwa, na hakuna jimbo lililozikataa.

NCLB ilidai nini, na kwa nini ililalamikiwa hivyo?

Ilidai kila mtoto wa darasa la 3 hadi la 8 apimwe kusoma na hisabati kila mwaka, na mara moja tena akiwa sekondari ya juu. Ilidai matokeo yatangazwe kwa makundi: watoto wa familia zenye kipato kidogo, watoto wenye ulemavu, wanaojifunza Kiingereza, na kila kundi kubwa la rangi au asili. Ilidai angalau asilimia 95 ya kila kundi wafanye mtihani, ili shule isiwaambie wanyonge wabaki nyumbani siku hiyo. Kisha ikadai kwamba ifikapo mwaka wa masomo 2013–14 watoto wote, asilimia 100, wawe wamefikia kiwango.

Sharti la makundi ndilo jambo bora kuliko yote katika sheria hii, na tunashukuru kwamba limebaki. Kabla yake shule iliweza kujivunia wastani mzuri huku watoto weusi, watoto wenye ulemavu au wageni wa lugha wakiwa hawajui kusoma, na hakuna aliyelazimika kulitamka hilo hadharani.

Sharti la asilimia 100 ndilo lililoiharibu. Kila jimbo lilipanga malengo yanayopanda mwaka hadi mwaka, na kundi moja likikosa lengo katika somo moja, shule nzima ilihesabiwa imekosa. Shule ya Title I ikikosa miaka 2 mfululizo, wazazi walipewa haki ya kuhamisha mtoto na usafiri ukalipwa. Mwaka wa 3 yaliongezwa masomo ya ziada ya bure. Mwaka wa 4 zilikuja hatua kali, kama kubadilisha mtaala au baadhi ya watumishi. Mwaka wa 5 ukawa wa kuandaa mpango wa kuiunda shule upya: kuondoa mwalimu mkuu na sehemu kubwa ya walimu, kuigeuza shule ya mkataba (charter, yaani ya umma lakini inayoendeshwa na wengine kwa mkataba), au kuikabidhi kwa jimbo.

Ubaya mwingine ulijificha ndani ya neno "kiwango". Kila jimbo lilijiwekea mstari wake wa kufaulu, na lililoushusha lilionekana hodari. Mtihani wa taifa wa sampuli, NAEP, ambao hufanyika kwa kawaida kila baada ya miaka 2 kwa darasa la 4 na la 8, ulionyesha majimbo yaliyotangaza ufaulu mkubwa huku watoto wake wakiwa chini kwenye kipimo cha pamoja.

Bunge lilichelewa kuirekebisha. Kuanzia mwaka 2011 serikali ya Obama ilifungua mlango wa misamaha kwa majimbo, nayo yakatakiwa, pamoja na mengine, kuzihusisha alama za wanafunzi na tathmini ya walimu. Jimbo la Washington lilikataa sharti hilo na kupoteza msamaha wake Aprili 2014. Matokeo yake sehemu kubwa ya shule za jimbo hilo zililazimika kuwaandikia wazazi kwamba zimeshindwa, zikiwemo shule ambazo kila mtu alijua zinafundisha vizuri.

ESSA ilibadilisha nini?

Mitihani na makundi vilibaki, na asilimia 95 pia. Kilichoondoka ni lengo la asilimia 100 na ngazi moja ya adhabu kwa nchi nzima. Sasa kila jimbo hutengeneza mfumo wake wa kupima shule, ila ni lazima uwe na vipimo hivi: matokeo ya kusoma na hisabati, kipimo kingine cha taaluma kwa shule za msingi na za kati, ambacho mara nyingi ni ukuaji wa mtoto kutoka mwaka hadi mwaka, asilimia ya wanaohitimu kwa sekondari ya juu, maendeleo ya wanaojifunza Kiingereza katika lugha hiyo, na angalau kipimo kimoja cha ubora wa shule, ambacho majimbo mengi yamekijaza kwa mahudhurio. Vile vya taaluma, vikijumlishwa, lazima viwe na uzito mkubwa zaidi kuliko hicho cha mwisho.

Ukuaji ndio mabadiliko yenye maana zaidi kwa watoto wetu. Mtoto aliyefika kutoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma akiwa darasa la 6 na akapanda sana kwa mwaka mmoja, chini ya NCLB shule yake haikupata sifa kama hajauvuka mstari. Leo katika majimbo mengi kupanda huko kunahesabika.

Mtoto wangu atafanya mitihani mingapi kwa mwaka?

Inayodaiwa na sheria ya shirikisho ni michache. Kusoma na hisabati kila mwaka darasa la 3 hadi la 8, na mara moja kati ya darasa la 9 na la 12. Sayansi mara 3 tu: mara moja kati ya darasa la 3 na la 5, mara moja kati ya la 6 na la 9, na mara moja kati ya la 10 na la 12. Anayejifunza Kiingereza huongezewa mtihani wa lugha kila mwaka.

Mingine yote unayoisikia, ya kila robo muhula au ya mazoezi ya kompyuta, ni ya jimbo, ya wilaya ya shule au ya mwalimu mwenyewe. Ukiona mtoto amechoka na mitihani, muulize mwalimu mkuu ni ipi inatakiwa na sheria na ipi wilaya imejiongezea. Mara nyingi iliyoongezwa ndiyo mingi.

Akifeli mtihani wa jimbo atarudishwa darasa?

Sheria ya shirikisho haisemi hivyo popote. Lakini baadhi ya majimbo yana sheria zake. Florida na Mississippi, kwa mfano, zinaweza kumrudisha mtoto wa darasa la 3 asiyefikia kiwango cha kusoma, na zina misamaha kwa baadhi ya wanaojifunza Kiingereza. Baadhi ya majimbo bado yana mtihani wa lazima ili mtu apate cheti cha sekondari, ingawa idadi yake inapungua. Massachusetts waliuondoa kwa kura ya wananchi Novemba 2024. Kwa hiyo swali la kuuliza shuleni ni hili: "Katika jimbo hili, matokeo haya yanabadilisha chochote kwa mwanangu mwenyewe?" Omba jibu kwa maandishi.

Tumefika majuzi tu. Lazima afanye mtihani wa kusoma wa Kiingereza?

Jimbo lina njia kadhaa kwa mtoto aliye chini ya miezi 12 katika shule za Marekani. Linaweza kumsamehe mtihani wa kusoma mara moja. Au linaweza kumpa mtihani lakini lisihesabu alama zake mwaka wa kwanza, mwaka wa pili lihesabu ukuaji tu, na kuanzia wa tatu ahesabiwe kama wengine. Hisabati na sayansi hana msamaha huo wa kutofanya.

Sheria inayataka majimbo yajitahidi kutengeneza mitihani kwa lugha zenye wanafunzi wengi. Kwa vitendo Kihispania ndicho kilichonufaika zaidi, na mtihani wa Kiswahili usiutegemee. Kinachopatikana ni unafuu: muda wa ziada, kamusi ya neno kwa neno, maelekezo kusomwa kwa sauti. Unafuu huu hupangwa mapema na kuandikwa kwenye faili la mtoto. Kosa la kawaida ni kusubiri wiki ya mtihani. Uliza mwezi Januari au kabla yake, kwa kuwa mitihani mingi ya jimbo hufanyika kati ya Machi na Mei. Na kamusi ianze kutumika darasani mapema: mtoto anayekutana nayo kwa mara ya kwanza siku ya mtihani hupoteza muda akipekua kurasa.

Mtihani wa lugha wa kila mwaka ni upi?

Majina hutofautiana. Majimbo mengi hutumia ule wa WIDA, muungano wa majimbo, unaoitwa ACCESS, California ina ELPAC, Texas ina TELPAS, New York ina NYSESLAT. Yote hupima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, kuanzia chekechea hadi darasa la 12. WIDA hutoa ngazi 1 hadi 6, na kila jimbo hupanga alama ambayo mtoto akiifikia anatoka kwenye huduma ya lugha.

Safari yote huanzia kwenye fomu ya lugha ya nyumbani unayojaza siku ya kuandikisha. Ijaze kwa ukweli. Wapo wanaoandika Kiingereza kwa kuhofia mtoto atadharauliwa, na matokeo yake ni mtoto kukaa miezi darasani bila msaada ambao ni haki yake. Wapo pia ambao nyumbani ni Kibembe, Kinyarwanda au Kirundi, na karani akaandika Kiswahili kwa sababu ndicho alichokisikia. Sahihisha hapohapo, kwani mkalimani na barua hufuata fomu hiyo.

Shule ina siku 30 tangu kuandikishwa kumpima mtoto kama anahitaji huduma. Pia inapaswa kukuandikia ndani ya siku 30 za mwanzo wa mwaka wa masomo, au ndani ya wiki 2 kama amewekwa katikati ya mwaka, ikieleza ngazi yake, aina ya mafunzo atakayopata, na atatokaje kwenye mpango huo. Baada ya kutoka, shule inapaswa kuendelea kumfuatilia, na matokeo yake yanaweza kuhesabiwa ndani ya kundi lile kwa hadi miaka 4.

Angalia sana alama ya kuandika na ya kusoma. Watoto wetu huchukua Kiingereza cha kuzungumza haraka, mwaka mmoja au miwili, halafu hukwama miaka kwenye kusoma na kuandika. Mwalimu anayemsikia mtoto akiongea vizuri kwenye korido anaweza kudhani amemaliza. Karatasi ya ACCESS ndiyo itakayokuonyesha tofauti.

Ninaweza kukataa?

Huduma ya lugha, ndiyo, unaweza kuikataa kwa maandishi. Hata ukikataa, mtoto ataendelea kufanya mtihani wa lugha kila mwaka mpaka afikie alama ya kutoka, na shule bado inawajibika kumwezesha kuelewa masomo.

Mtihani wa jimbo, inategemea jimbo. Sheria ya shirikisho haimpi mzazi haki ya kukataa na wala haimnyimi. Inayaachia majimbo, huku ikiidai shule asilimia 95. Mwaka 2015 huko New York takriban mtoto mmoja kati ya watano wa darasa la 3 hadi la 8 hakufanya. Kabla hujaamua, jua hesabu inavyokwenda. Tuseme shule ina watoto 200 wa kupimwa, wakafanya 150, wakafaulu 90. Ukigawa kwa waliofanya, ufaulu ni asilimia 60. Lakini ESSA hutaka igawiwe kwa asilimia 95 ya wote, yaani 190, na ufaulu unashuka hadi asilimia 47. Asiyefanya huhesabiwa kana kwamba hakufaulu. Tunawaheshimu wanaokataa kwa msimamo, ila kwa kundi dogo kama letu, mtoto asiyeonekana kwenye takwimu ni mtoto ambaye hakuna bajeti itakayomkumbuka.

Barua inasema shule yetu ni "CSI". Maana yake?

Ni shule iliyotajwa kuhitaji msaada wa kina. Huingia humo kwa njia 3: kuwa katika asilimia 5 ya chini kabisa ya shule za Title I za jimbo, kuwa sekondari ambako theluthi moja au zaidi ya wanafunzi hawahitimu, au kuwa na kundi lililokaa chini muda mrefu bila kuinuka. Jimbo hutoa orodha hiyo angalau mara moja kila miaka 3.

TSI ni tofauti: shule kwa jumla inaweza kuwa nzuri, ila kundi fulani halifanyi vizuri. ATSI ni pale kundi hilo likipimwa peke yake lingeangukia asilimia 5 ya chini. Ukipata barua ya TSI au ATSI, usiishie kwenye jina la shule. Tafuta ni kundi gani. Mara nyingi huwa ni watoto wenye ulemavu au wanaojifunza Kiingereza, na kama wako yumo, barua hiyo inamhusu yeye.

Shule itanyang'anywa pesa au itafungwa?

Hili huenezwa sana na si sahihi. Jimbo hutenga asilimia 7 ya Title I kwa ajili ya kuziinua shule za namna hii, kwa hiyo shule ya CSI mara nyingi hupata nyongeza. Wilaya lazima iandike mpango pamoja na wazazi, ipime mahitaji, ichague mbinu zenye ushahidi wa utafiti, na ieleze kama kuna ukosefu wa usawa katika mgawanyo wa walimu na pesa. Jimbo huuidhinisha mpango na kuufuatilia. Shule isipotoka ndani ya muda uliowekwa na jimbo, usiozidi miaka 4, jimbo huchukua hatua kali zaidi. Baadhi ya wilaya huruhusu mtoto kuhamia shule nyingine, lakini ESSA hailazimishi tena kama NCLB ilivyofanya.

Kufunga shule ni uamuzi wa wilaya au jimbo, na kwa kawaida hutokana na upungufu wa wanafunzi na bajeti, hata kama alama ndizo zinazotajwa kwenye mkutano.

Sharti linalopuuzwa zaidi ni lile la wazazi kushiriki. Mpango mwingi huandikwa ofisini, kisha mzazi mmoja huitwa kusaini. Omba rasimu kabla haijapelekwa, omba mkalimani, na uliza: "Kwa watoto wanaojifunza Kiingereza mpango huu unaongeza nini, na nani atakifanya?" Jibu likiwa ni kununua programu ya kompyuta tu, endelea kuuliza.

Mbona shule inapiga simu sana kuhusu kutohudhuria, hata kama nimetuma taarifa ya ugonjwa?

Kwa sababu majimbo mengi huhesabu utoro wa kudumu kama kipimo cha shule. Kipimo cha kawaida ni kukosa asilimia 10 ya siku, yaani takriban siku 18 katika mwaka wa siku 180. Siku zenye ruhusa huhesabiwa pia. Hapo ndipo familia nyingi hunaswa: safari ya wiki 4 kwenda kumzika bibi Bukavu au kumwoza dada Mombasa, hata mwalimu akiikubali, inamaliza siku hizo zote kwa mara moja. Ukijua utasafiri, zungumza na shule mapema kuhusu kazi za kufanya akiwa mbali, na jaribu kuunganisha safari na likizo.

Ninaona wapi matokeo ya shule na ya kundi la mwanangu?

Kila jimbo na kila wilaya lazima vitoe kadi ya ripoti ya kila mwaka, ambayo hukaa kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Humo kuna matokeo kwa makundi, wanaohitimu, sifa za walimu, na matumizi ya fedha kwa kila mwanafunzi, shule kwa shule. Kipengele hicho cha fedha kilikuja na ESSA na hakitumiwi vya kutosha. Linganisha shule yako na ya ng'ambo ya mji.

Jimbo hupanga idadi ya chini ya watoto ili kundi lihesabiwe peke yake, mara nyingi kati ya 10 na 30. Jimbo likiweka 20 na shule ikawa na watoto 14 wanaojifunza Kiingereza, kundi hilo halihesabiwi katika kuipima shule, hata kama wote 14 wamekwama. Katika hali hiyo tazama ripoti ya wilaya nzima, na matokeo ya mtoto wako mwenyewe, ambayo ni haki yako kuyapata.

Kijana wangu ana miaka 18. Shule inasema aende elimu ya watu wazima.

Kuwa mwangalifu hapa. Sekondari hupimwa kwa asilimia ya wanaohitimu ndani ya miaka 4, na kijana aliyechelewa kuanza anaweza kuishusha. Hiyo ndiyo sababu baadhi ya shule huwa na haraka ya kuwaelekeza kwingine. Majimbo mengi humruhusu kusoma shule ya umma ya bure mpaka miaka 20 au 21. Uliza umri wa mwisho katika jimbo lako, na kataa kusaini fomu ya kujiondoa ambayo hujaielewa. Majimbo yanaweza pia kuhesabu wanaohitimu kwa miaka 5 au 6, hivyo shule haina sababu ya kumfukuza mtu. Elimu ya watu wazima inaweza kumfaa kijana anayefanya kazi, ila uamuzi uwe wake.

Mwenye ulemavu anahesabiwaje?

Anafanya mtihani uleule kwa unafuu ulioandikwa kwenye IEP yake, yaani mpango wake binafsi wa elimu maalumu. Mtihani mbadala ni kwa wenye ulemavu mkubwa kabisa wa akili, na jimbo haliruhusiwi kuzidi asilimia 1 ya wanafunzi wote waliopimwa katika somo. Shule ikipendekeza huo mbadala, inapaswa kukueleza kama utaathiri cheti chake cha kawaida cha sekondari. Wasipokueleza, usisaini siku hiyo. Na kutojua Kiingereza si ulemavu. Mtoto asiwekwe humo kwa sababu ya lugha.

Je, sheria hii imesaidia watoto kujifunza?

Kiasi. Utafiti wa Thomas Dee na Brian Jacob uligundua kwamba NCLB iliinua hisabati ya darasa la 4, na haikuonyesha faida kama hiyo katika kusoma. Alama za NAEP za hisabati zilipanda mpaka karibu mwaka 2013, zikasimama, kisha zikashuka wazi katika kipimo cha 2022 baada ya janga la korona.

Gharama zake zinajulikana. Uchunguzi wa Center on Education Policy wa mwaka 2007 ulikuta asilimia 62 ya wilaya zimeongeza muda wa kusoma na hisabati katika shule za msingi, na asilimia 44 zimepunguza muda wa masomo mengine, kama historia, sayansi, sanaa na michezo. Katika shule kadhaa walimu walielekeza nguvu kwa watoto waliokaribia mstari wa kufaulu, kwani hao ndio wangebadilisha hesabu. Aliye chini sana aliachwa. Huko Atlanta uchunguzi wa jimbo mwaka 2011 ulikuta udanganyifu katika shule 44 kati ya 56 zilizochunguzwa: watu wazima walifuta majibu ya watoto na kuandika sahihi. Mwaka 2015 watumishi 11 walitiwa hatiani. Walioumia zaidi ni watoto ambao karatasi ilisema wanajua kusoma, wakanyimwa msaada.

Msimamo wetu ni kwamba kupima kila mtoto na kutangaza kwa makundi ni haki, na kufunga ajira ya mwalimu au uhai wa shule kwenye namba moja huiharibu namba yenyewe.

Takwimu hizi zitaonyesha hali yetu ya uhamiaji?

Hapana. Kadi za ripoti hazina majina, na shule haziruhusiwi kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Kwenye ripoti kuna kundi linaloitwa "migrant", ambalo huwaogopesha wengi. Humo huingia watoto wa familia zinazohamahama kwa kazi za msimu za mashamba au uvuvi, hata kama ni raia waliozaliwa Iowa.

Shule ya Title I inanidai nini, nami naidai nini?

Kila mwaka lazima iwe na mkutano wa kueleza Title I, makubaliano ya maandishi kati ya shule na wazazi, na sera ya ushiriki wa wazazi. Wilaya inayopata zaidi ya dola 500,000 lazima itenge angalau asilimia 1 kwa ajili ya wazazi, na asilimia 90 ya hiyo iende shuleni. Pesa hiyo inaweza kulipia mkalimani, usafiri wa kuja mkutanoni au malezi ya watoto wakati wa mkutano. Uliza ilitumikaje mwaka jana.

Una haki pia ya kuuliza sifa za mwalimu wa mwanao, na kama anafundishwa na msaidizi, sifa za msaidizi huyo. Akifundishwa wiki 4 mfululizo na mtu asiyetimiza masharti ya leseni ya jimbo, shule inapaswa kukuarifu bila kuombwa.

Ukiona masharti hayafuatwi, andika kwanza kwa mwalimu mkuu, halafu ofisi ya Title I ya wilaya, kisha idara ya elimu ya jimbo, ambayo lazima iwe na utaratibu wa kupokea malalamiko. Weka tarehe, jina la mtoto, sharti lililovunjwa na unachotaka kifanyike. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Usimtumie mtoto kama mkalimani kwenye jambo hili. Shule ndiyo inayopaswa kumleta mkalimani.

Wizara ya Elimu ya shirikisho ikivunjwa, sheria inakufa?

La. Machi 2025 wizara ilipunguza karibu nusu ya watumishi wake, na tarehe 20 mwezi huo Rais Donald Trump akatoa amri ya kuanza kuifunga. Lakini wizara na ESSA zote ziliwekwa na Bunge, na Bunge pekee ndilo linaloweza kuzifuta. Kinachopungua kwa sasa ni watu wa kusimamia huko Washington. Ndiyo maana ofisi ya jimbo na ya wilaya ndizo za kuandikia kwanza, na nakala ya kila barua ibaki kwako.